Bei ya kilo haikuambii paka anakula shilingi ngapi

Maswali ya wasomaji kuhusu paka yamezidi kurudi hapa: kipi nafuu, chakula cha kopo au kikavu? Wengi wanalinganisha bei ya kilo, na hapo ndipo wanapopotea. Karibu asilimia 78 ya kilichomo kwenye kopo ni maji. Punje kavu zina kama asilimia 10.

Tuseme kopo la gramu 400 ni shilingi 6,000, na mfuko wa kilo moja wa punje ni 12,000. Kwa kilo, kopo ni 15,000, kwa hiyo bei haziachani sana. Sasa tazama kalori, zile zenye alama ya kcal. Chakula cha kopo huwa na kama 90 kwa gramu 100, punje kama 360. Paka wa kilo 4 anayeshinda ndani hutosheka na kalori 220 hivi kwa siku. Hizo ni gramu 244 za kopo, shilingi 3,660, au gramu 61 za punje, shilingi 730. Mara tano!

Lebo isipotaja kalori, zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, kisha jumlisha. Utapata kalori za gramu 100. Wanga mara nyingi hauandikwi: ni kile kinachobaki ukitoa protini, mafuta, maji, nyuzinyuzi na majivu kwenye 100.

Maji hayohayo huficha protini. Kopo linaandika asilimia 10, mfuko 30, na watu wanaamua kwamba kopo ni hafifu. Yaondoe maji: kwenye kopo zinabaki sehemu 22, na 10 kati ya hizo ni asilimia 45. Kwenye mfuko, 30 kati ya 90 ni asilimia 33. Kopo limeshinda, na lebo haijadanganya hata kidogo.

Lakini unafuu usiwapeleke watu kwenye chakula cha mbwa. Ushauri wa kumpa paka chakula hicho nimeuchoka, maana unaua. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea kirutubisho kiitwacho taurini, hivyo chakula chake si lazima kiwe nacho. Paka hawezi kutengeneza ya kumtosha. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake huko California walionyesha kwamba upungufu wa taurini hutanua na kudhoofisha moyo wa paka. Vilevile, anayekuuzia unga usio na lebo akidai unageuza ugali kuwa mlo kamili wa paka anakuibia, na mnyama ndiye atakayelipa.

Basi nunua chakula kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka, kipime kwa mizani, na ukibadilisha aina fanya hivyo taratibu kwa wiki nzima. Paka aliyewahi kuziba mkojo mara nyingi huandikiwa cha kopo kwa ajili ya yale maji, na hapo gharama ina sababu. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.