Kumeng'enya na Kusharabu: Vitenzi Viwili na Maziwa ya Hanang

Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi kimoja hubebeshwa kazi mbili za tumbo. Husemwa kwamba chakula kimesagika, na msikilizaji huelewa kuwa kimevunjika na pia kimekwisha kuingia mwilini. Kwa mpishi na mlaji hapana dhara. Kwa mganga amwelezaye mgonjwa hali yake dhara lipo, maana kuvunjika si kuingia.

Kumeng'enya, kwa asili, ni kuvunjavunja kitu vipande vidogo vidogo. Kutokana na kitenzi hicho elimu ya viumbe imepata mmeng'enyo, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kuvunjika kwa chakula. Kusharabu kumetoka katika Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kunywa. Husemwa juu ya ardhi inywayo mvua. Wengine hupendelea kufyonza, lakini kinywa kifyonzacho huvuta kwa nguvu, ilhali ukuta wa utumbo huviacha baadhi ya vitu vipenye tu, na vingine huvibeba kwa milango maalumu. Kusharabu ni bora kwa kuwa hakusemi zaidi ya kinachojulikana.

Gitting, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, yafaa kwa kuvipima vitenzi hivyo. Katika wilaya za Hanang na Mbulu wamo Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wote ni wafugaji wa ng'ombe tangu zamani, ingawa Wairaqw ni wakulima vilevile. Na maneno ya shuleni na zahanati huwafikia kwa Kiswahili, lugha ya Kibantu.

Sukari ya maziwa, laktosi, ni sukari mbili zilizoungana: glukosi na galaktosi. Ikiwa nzima haisharabiwi. Kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilicho juu ya ukuta wa utumbo mwembamba, huikata. Ndipo sehemu zake mbili huingia damuni. Watoto wachanga, karibu wote, wana laktasi ya kutosha, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mengi yasiyoganda, sukari hushuka nzima hadi utumbo mpana. Huko huvuta maji, na bakteria huichachusha. Tumbo hujaa hewa, hunguruma, na pengine kuhara hufuata. Si sumu, wala si lazima awe na minyoo. Si mzio pia, kwa sababu mzio ni shauri la kinga ya mwili dhidi ya protini za maziwa. Sukari haikumeng'enywa, kwa hiyo haikusharabiwa: sentensi hiyo haiwezekani kwa kitenzi kimoja.

Upande wa pili waonekana katika pakiti za chumvichumvi apewazo mtoto anayeharisha. Glukosi iliyomo haina haja ya kumeng'enywa. Mlango uipitishao huipitisha pamoja na sodiamu, na maji hufuata. Hapo pana kusharabu pasipo kumeng'enya.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta badiliko la herufi moja ya urithi, G kuwa C, katika nafasi ya 14010 kabla ya jeni ya laktasi, linaloifanya laktasi iendelee utu uzimani. Umri wake walikadiria baina ya miaka 2,700 na 6,800. Badiliko lililojulikana Ulaya ni jingine, nafasi ya 13910. Basi uwezo uleule ulizuka zaidi ya mara moja, penye mifugo. Lile la Tanzania lilionekana kwa wasemaji wa lugha za Kikushi na za Kiniloti pia. Mwanaisimu asiharakishe kuchora mpaka wa lugha juu ya mpaka wa damu: watu wameoana, na lugha zimebadilishwa. Jina la kabila halitoshi kumwambia mganga ni nani atakayeumwa tumbo.

Mtindi huwapunguzia wengi taabu hiyo. Maziwa yakigandishwa kibuyuni, bakteria huigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, na baadhi yao huendelea kuikata iliyobaki ndani ya utumbo wa mnywaji. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa aache maziwa yote kwa kuwa "tumbo lake limeyakataa" aweza kunyimwa bure chakula chenye protini na kalisi, ambavyo tumbo lake halikuvikataa kamwe.