Mchoraji wa vichekesho, lumbesa na hesabu ya rangi

UKISHUKA basi Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kisha ukashika njia ya Njombe, una safari ya kama kilomita 60 ya kupishana na malori ya viazi, mbao na mahindi. Kabla ya kufika mjini, nje kidogo ya lami, ipo nyumba ya tofali za kuchoma yenye banda nyuma yake lililojengwa kwa ajili ya nguruwe. Nguruwe hawajawahi kulala humo. Ndimo anamofanyia kazi rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, mchoraji wa mabango na picha za kuchekesha.

“Kamwene, mchumi,” alinipokea. “Ingia, ila uiname. Mlango ulipimwa kwa mpangaji mwingine.”

Ndani kuna vipande vya ubao mgumu vimeegemezwa ukutani, makopo ya rangi ya mafuta ile ya kupakia mageti, na brashi alizozikata nywele kwa wembe apate ncha nyembamba. Njombe ya Juni na Julai ni baridi ya kuumiza vidole, na baridi hiyo huchelewesha rangi kukauka. Bango ambalo Dar es Salaam lingekuwa tayari kesho, huku hukaa siku mbili tatu. Alijaribu kuweka jiko la mkaa wa miwati humo humo. Shemeji, yaani mkewe, alilitoa nje na kumkumbusha kwamba tina inashika moto kwa urahisi.

Picha iliyonichekesha zaidi ni ya gunia la viazi. Limejazwa, likaongezwa kilemba cha wavu, kilemba kikaongezwa kilemba, hadi lori lililolibeba linaonekana kama kiatu cha mtoto. Juu kabisa, katikati ya viazi, kinachungulia kichwa cha mkulima aliyeshonewa humo kwa bahati mbaya. Chini dalali anaandika: “Gunia moja.”

Mkulima wa Njombe hahitaji kuelezwa picha hiyo. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi, Sheria ya Vipimo ipo na Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, lakini bei ikitajwa kwa gunia badala ya kilo, mwenye gunia kubwa ndiye anayefaidi. Rafiki yangu anasema dalali mmoja wa Makambako aliipenda picha hiyo, akalipa, halafu akadai aongezewe nyingine ndogo juu yake.

“Nikampa,” alisema. “Ningemkataliaje, na mimi ndiye niliyemfundisha?”

Hapo ndipo tulipoanza kuongea biashara, kwa sababu kumbe hata kwenye mabango anauza kwa lumbesa. Mwenye mashine ya kusaga anaagiza bango la jina la mashine. Akishaliona anaomba aongezewe debe la mahindi pembeni, kisha namba ya simu, kisha kichekesho cha kuvuta wateja. Bei haibadiliki, kwa kuwa mapatano yalikuwa ya ukubwa wa ubao.

Tuchukue mfano, tarakimu ni za kuelezea tu. Bango linauzwa shilingi 40,000. Ubao ni 12,000. Rangi, tina na nauli ya Makambako ni 13,000. Kinabaki 15,000, na kazi imechukua siku tatu, sawa na 5,000 kwa siku. Kibarua anayepalilia viazi shamba la jirani huenda akamzidi, na kibarua hatakiwi kumnunulia mwenye shamba jembe. Mchoraji wetu alikuwa akiiita 40,000 yote faida mpaka shemeji alipoanza kuandika kila kopo la rangi kwenye kaunta buku. Mimi naona daftari hilo lina thamani kuliko brashi zote zilizomo bandani, na sisemi hivyo kwa kuwa shemeji alinipikia vizuri.

Daftari limeonyesha jambo jingine. Oda humiminika baada ya mavuno, wenye maduka wanapokuwa na fedha na wanataka kupendezesha maduka, kisha hukauka. Lakini rangi alikuwa akiinunua siku ya oda, kopo dogo dogo, kwa bei ya duka la kijijini. Sasa anajitahidi kununua galoni Makambako kabla ya msimu, kama mkulima anayenunua mbolea mapema.

Mabango ya turubai yanayochapwa kwa kompyuta yamemnyang’anya wateja wengi wa mjini. Yanatoka siku hiyo hiyo na herufi zimenyooka. Hashindani nayo kwa kasi. Anachouza yeye ni lile bango la bucha ambalo ng’ombe anasoma bei ya kilo huku ameshika kichwa. Wapita njia husimama kulitazama, na anayesimama huenda akanunua. Nilimshauri kichekesho akitoze peke yake, mbali na ubao na herufi. Alicheka, ila shemeji aliandika.

Suala zito ni la mnunuzi wa Dar es Salaam anayepeleka picha kwenye maduka ya watalii. Ameiona lumbesa na anataka nakala 30 kila mwezi. Masharti yake ni kwamba zisiwe na sahihi ya mchoraji, na malipo ni mali kauli, fedha baada ya kuuza. Ili kununua ubao na rangi za oda ya kwanza, rafiki yangu aliwaza kuuza ekari moja ya misindano ambayo ina miaka minane tu.

Nilimkatalia waziwazi. Msindano wa umri huo bado haujatoa mbao ya maana, na miaka iliyobaki ndiyo inayouongezea unene na bei. Kuukata sasa ili kumkopesha mfanyabiashara ni kubeba hasara mbili kwa mkupuo.

Kuhusu sahihi, historia ya nchi yetu inatosha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alichora kwenye ubao mgumu kwa rangi za mafuta kama hizi hizi na kuuza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wafuasi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo Tingatinga ni jina la aina nzima ya picha zinazochorwa na watu wengi ambao hawakumjua. Jina lilibaki. Picha isiyo na jina kabisa haimrudishi mnunuzi kwa aliyeichora.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inamlinda msanii tangu anapoikamilisha kazi yake, hata kabla ya kuisajili. Kujisajili COSOTA kunamsaidia kupata ushahidi wa kuonyesha ukitokea ugomvi. Pia mchoraji ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Mnunuzi anaponunua ubao uliochorwa hapati papo hapo ruhusa ya kutoa nakala. Ruhusa hiyo ina bei yake, na ni vema iandikwe.

Jibu lililotumwa Dar es Salaam liliandikwa na shemeji. Picha kumi kwa kuanzia badala ya 30, zote na sahihi, nusu ya fedha kabla ya brashi kugusa rangi. Mnunuzi amekubali sahihi, lakini anataka iwe ndogo na pembeni. Kwenye nusu ya fedha bado wanavutana, na misindano imesimama.