Boston na Mookie Betts: kwa nini mashabiki hawaachi kuuliza

Mashabiki wa Liverpool walio Goma, Bukavu ao Bunia wanawajua wenye ekipe yao: Fenway Sports Group, kampuni ya Marekani. Wengi hawajui kama kampuni hiyo iko na ekipe ingine, ya besiboli, Boston Red Sox. Na huko, mashabiki wako na kidonda kisichopona.

Mwezi wa pili 2020, ligi ikiwa imefungwa, Boston ilimtoa Mookie Betts na kumpeleka Los Angeles Dodgers. Betts alikuwa ametajwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, mwaka uleule Boston ilichukua kombe.

Katika mpira wa miguu, mchezaji akihama ekipe yake inalipwa makuta, na yeye lazima akubali. Besiboli iko tofauti. Ekipe mbili zinabadilishana wachezaji tu, kontra zikiwafuata, bila hata kuwauliza. Mutu analala wa Boston, anaamka wa Los Angeles. Wanaoweza kukataa ni wachache: aliyecheza miaka 10, tano za mwisho katika ekipe ileile, ao mwenye haki hiyo ndani ya kontra yake. Betts hakuwa nayo.

Sasa, sababu ilikuwa gani? Kontra ilibakiza mwaka mmoja. Ikiisha, angekuwa huru kwenda anakotaka, na Boston ingepata kidogo sana. Tena kuna kodi: ekipe ikipitisha kiasi fulani cha mishahara, dola milioni 208 mwaka ule, inalipa, na ikirudia mwaka kwa mwaka kodi inapanda. Boston ilikuwa imepitisha 2018 na 2019.

Hesabu hiyo inaeleweka. Lakini shabiki anajibu: Boston si ekipe maskini, tiketi zake ziko kati ya zenye bei kali Marekani. Miezi michache nyuma ya pale, Dodgers walimpa Betts kontra ya miaka 12, dola milioni 365. Kumbe makuta yalikuwako, ila kwa wengine.

Wazee wa Boston wako na kumbukumbu ingine. Mwisho wa 1919 ekipe hiyo iliuzisha Babe Ruth kwa wapinzani wao, New York Yankees, na haikuchukua kombe tena mpaka 2004.

Tuseme ukweli, Boston haikuanguka kabisa: 2021 ilifika karibu na fainali. Lakini Betts amebeba kombe mara tatu na Dodgers, 2020, 2024 na 2025. Boston ilipata vijana watatu. Jeter Downs aliichezea mechi 14 tu. Connor Wong akabaki. Alex Verdugo, aliyetegemewa kuziba nafasi ya Betts, mwaka 2023 walimutoa pia, tena kwa Yankees.