Myasmini wa mama umepona kwenye makumbi

Myasmini wa marehemu mama ulikuwa ung'olewe ili ukuta upite. Nilikata vipandikizi 30, kila kimoja sentimita 15, chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Majani ya chini niliyatoa, nikabakisha mawili juu.

Kumi nilivitia kwenye maji. Vitatu vilitoa mizizi, lakini ya maji hukatika ovyo. Nilipovihamishia udongoni, kikabaki kimoja. Kumi nilivichomeka kwenye mchanga wa ufuoni, tena bila kuuosha. Chumvi iliviunguza vyote (jirani alinicheka, ana haki).

Kumi vya mwisho nilivipa vumbi la makumbi ya nazi. Nililiroweka na kulikamua mara tatu, kwa sababu makumbi nayo yana chumvi. Vumbi hili hushika maji na bado hupitisha hewa. Kipandikizi kikikosa hewa huoza. Nikaviweka kivulini, kila kimoja kimefunikwa na chupa iliyokatwa kitako. Wiki ya tano nikavivuta kidogo: saba viligoma kung'oka.

Ukuta umeshasimama. Viko barazani, kwenye makopo, na shangazi anayefunga vikuba vya harusi keshaomba viwili.