Mfumo Ukifungwa Usiku, Pesa Zako Ziko Wapi?

Uko Bodo, unangoja mashua ikuvushe Funzi. Simu inalia. Ni ujumbe wetu: huduma haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, tunaboresha mfumo. Swali la kwanza ni lile lile kila mara: na pesa zangu je?

Pesa zako hazitoki mahali pake. Tunachobadilisha ni kile kinachozibeba.

Tunabadilisha nini hasa?

Programu zetu nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Java, juu ya kiunzi kinachoitwa Spring Boot. Kiunzi ni kama mataruma ya mashua: abiria hayaoni, lakini mbao zote zimeshikiliwa hapo. Toleo la 3 lilitoka Novemba 2022, na mwaka mmoja baadaye matengenezo ya bure ya toleo la 2.7 yakakoma.

Kuhama si kubonyeza kitufe tu. Toleo la 3 linahitaji Java 17 au mpya zaidi, na sehemu nyingi zilizoanza na jina "javax" sasa zinaanza na "jakarta". Jina moja likisahaulika, programu inaweza kukataa kuwaka. Ndiyo maana tunajaribu kwanza kwenye seva za pembeni, zisizo na pesa za mtu.

Kwa nini tusiache tu ilivyo?

Machi 2017, tundu la usalama lilitangazwa katika Apache Struts, kiunzi kingine cha Java. Dawa yake ilikuwepo tayari. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuziba kwa wakati, wezi wakaingia, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaibwa. Mashua inayovuja haingoji ufike.

Kwa nini mnafunga kabisa?

Ili muamala wowote usikwame katikati. Tunasimamisha kupokea mipya, tunamaliza iliyopo, kisha tunahamia. Mambo yakigoma, tunarudi kwenye toleo la zamani.

Wewe fanya hivi:

- Kama utavuka alfajiri, toa pesa za nauli kwa wakala mapema. Maji kupwa hayangoji mtandao.
- Ukituma na usipate ujumbe wa uthibitisho, usitume tena. Ngoja huduma irudi, angalia salio kwanza.
- Asubuhi, linganisha salio na ujumbe wako wa mwisho. Ukiona tofauti, tupigie na namba ya muamala.
- Mtu akikupigia eti "tunaboresha akaunti yako, tutajie PIN", kata simu. Kazi hii yote haihitaji PIN yako hata kidogo.

Wezi wanapenda usiku kama huu kwa sababu watu wana wasiwasi. Mwambie na mzee wa nyumbani, hasa yule anayemwachia mjukuu asome ujumbe.