Wavu wa Kunasia Kwaki Nzito

Mjini Mwanza, kandokando ya ufuko ambako Mto Mirongo huingia Ziwa Victoria, hakuna mvuvi asiyejua kwamba jicho la wavu ndilo liamualo samaki. Wavu wa sangara hauzuii dagaa. Wataalamu wa fizikia wachunguzao kwaki nzito wana shida iyo hiyo, ingawa wavu wao umesukwa kwa hesabu tupu.

Kwaki ni chembe zilizomo ndani ya protoni. Kani kuu izishikayo ni kali mno, hata milinganyo yake haitatuliki kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1974 Kenneth Wilson wa Marekani alipendekeza nafasi na wakati vigawanywe kama wavu, hesabu ifanywe penye mafundo yake. Novemba ya mwaka huohuo maabara mbili za Marekani zilitangaza chembe ya J/psi, iliyoundwa kwa kwaki ya chamu na kinyume chake, yenye uzito upitao mara 3 ule wa protoni.

Kadiri kwaki ilivyo nzito, ndivyo wimbi lake lilivyo fupi, na jicho la wavu sharti liwe dogo. Wavu huu una pande 4, tatu za nafasi na moja ya wakati. Jicho likipunguzwa nusu, mafundo huongezeka mara 16. Ndipo kompyuta kubwa huhitajika.

Kuna chembe zisizodumu, ziitwazo mivumo, kwa sababu hujitokeza penye nishati fulani tu, kama uzi wa zeze uitikiavyo sauti ya kimo chake. Kompyuta haiwezi kuzitazama zikivunjika, maana wakati utumiwao katika hesabu hii ni wa kubuni, si wa saa ya ukutani. Martin Lüscher, katika makala zake za 1986 na 1991, alionyesha kwamba ule udogo wa sanduku la hesabu, uliodhaniwa kuwa kasoro, wafaa kuwa kipimo. Chembe mbili zilizobanwa pamoja hugongana, na nishati zao husogea kidogo. Msogeo huo, ukipimwa katika masanduku ya ukubwa mbalimbali, hufichua mvumo.

Mwaka 2021 jopo la LHCb, karibu na Geneva, lilitangaza chembe yenye kwaki 2 za chamu. Uzito wake umepungua kidogo mno kuliko jumla ya mezoni mbili ambazo huenda zimeiunda. Je, ni mezoni mbili zilizoshikana kwa ulegevu, au ni fundo moja la kwaki 4? Ili kupunguza gharama, hesabu nyingi zimezipa kwaki nyepesi uzito uzidio wa asili, na badiliko hilo dogo latosha kuzitenganisha mezoni hizo.