Kinga na mulima: hesabu ya kupanda na hesabu ya kushuka



Mote munajua neno lililotokea ku mutelemko wa shule mwezi uliopita. Mwanafunzi mumoja wa darasa la pili alishuka mbio na kinga isiyokuwa na freni. Alikuwa anakanyagisha tu kandambili juu ya mupira wa nyuma, kama wengi wetu tunavyofanya. Kandambili ikakatika. Akagonga mama mumoja aliyekuwa anapanda na beseni ya ndizi ku kichwa, na wote wawili wakaanguka. Mama alichubuka magoti na ndizi zake zikapondeka. Mwenzetu akavunjika mukono.

Siku ileile Bwana Préfet alisema kwamba atakataza kinga zote kuingia katika kiwanja cha shule. Sisi wakubwa wa wanafunzi tulienda kumuomba, juu ya wale wenzetu wanaotoka mbali, ambao bila kinga wataamka saa tisa ya usiku au wataacha masomo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Ninawapa muda mpaka mwisho wa trimestre. Munionyeshe kwamba munajua kitu munachokipanda.»

Basi maneno haya ni mwanzo wa jibu letu. Tunataka kueleza namna gani kinga inapanda mulima na namna gani inashuka. Kwa mufano tutachukua milima ya Vosges, katika mashariki ya Ufaransa. Tumeichagua kwa sababu mashindano ya kinga yanapita kule tangu zamani na vipimo vya njia zake vinajulikana. Tena, mwalimu wetu wa jiografia alipotufungulia karte, tuliona jambo la kushangaza.

1. Milima midogo inayochokesha

Jambo lenyewe ni hili. Kilele kinachopita vyote kule Vosges kinaitwa Grand Ballon, na urefu wake ni meta 1,424. Lakini maji ya ziwa letu la Kivu yako ku meta karibu 1,460. Ni kusema kwamba mama anayefua nguo kando ya ziwa letu amekwisha kuwa juu kuliko kilele cha Vosges! Mbona basi wakimbiaji wakubwa wa dunia wanateseka kule?

Jibu ni kwamba miguu haihesabu toka bahari. Inahesabu toka mahali ulipoanzia kukanyaga. Kupanda toka meta 550 mpaka 1,150, ao kupanda toka meta 1,460 mpaka 2,060, kazi ya kuinua mwili ni moja: meta 600. Ila sisi tunapumua hewa nyembamba zaidi, kwa hiyo kifua chetu kinachoka mbele ya kifua chao.

Umbo la mabonde nalo lina maana. Zamani sana, barafu nene ilifunika milima ile. Ilikuwa inateremka polepole, ikichimba mabonde, na ilipoyeyuka iliacha malundo ya mawe na udongo yaliyozuia maji. Ndiyo sababu kule kuna maziwa yanayofuatana: Gérardmer ku meta 660, Longemer ku meta 736, na Retournemer ku meta karibu 780. (Ziwa letu lina asili ingine: bonde kubwa lilididimia, na mawe ya moto ya volkano za Virunga yakafunga njia ya maji upande wa kaskazini.) Mutu wa kinga anapita kando ya maji yaliyotulia, miti ya sapini imesimama pande zote, njia ni karibu tambarare, na anajisikia nguvu. Kisha bonde linakwisha kama ukuta. Toka Retournemer, njia inaingia ndani ya musitu na kujikunjakunja mpaka ku kipito cha Schlucht, meta 1,139. Yule aliyemaliza nguvu zake kando ya ziwa kwa kujionyesha, hapo ndipo anashuka na kusukuma.

Sababu ya njia kujikunja ni rahisi. Njia ndefu inagawanya mupando katika vipande vidogo. Njia ya miguu ya nyuma ya chapelle yetu na njia ya motokari zinafika mahali pamoja. Ya kwanza ni fupi na inakata pumzi; ya pili ni ndefu na babu anaipanda.

2. Kinga ya Pottier na kinga zetu

Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903. Mwaka 1905 yalipitishwa juu ya mulima mwingine wa Vosges, Ballon d'Alsace, ambao wakati ule ulikuwa ku mupaka wa Ufaransa na Ujeremani. Toka kijiji cha Saint-Maurice-sur-Moselle njia inapanda ndani ya musitu karibu kilometa 9, na inainuka meta zaidi ya 600. Ni kusema, kwa kila meta 100 za njia unainuka karibu meta 7. Mutu wa kwanza kufika juu alikuwa René Pottier. Mwaka uliofuata, 1906, alishinda Tour yote, na leo kuna munara wa kumukumbuka kule juu.

Sikilizeni vizuri: kinga ya Pottier haikuwa na vitesi za kubadilisha ku njia. Ni mwaka 1937 tu ndipo Tour iliruhusu wakimbiaji kutumia chombo cha kuhamisha sheni toka meno haya kwenda meno mengine. Mbele ya hapo, wengi walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande mbili. Wakifika chini ya mulima, walishuka, wakafungua gurudumu, wakaligeuza, wakalifunga tena na kuendelea. Kwa jambo hilo kinga zetu ni ndugu za kinga ya Pottier. Tofauti ni kwamba sisi tunaongeza gunia nyuma.

Je, vitesi zinafanya nini? Tulihesabu meno ya kinga ya mulinzi wa shule: mbele 44, nyuma 18. Ukikanyaga muzunguko mumoja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na kinga inakwenda karibu meta 5 na sentimeta 40. Mukimbiaji wa leo anaweza kuweka sheni ku meno 34 mbele na 32 nyuma. Muzunguko mumoja unamupeleka meta 2 na sentimeta 20 tu. Kwa zile kilometa 9, kinga ya mulinzi inaomba mizunguko karibu 1,670, yote mizito. Ya mukimbiaji inaomba zaidi ya 4,000, lakini myepesi. Ni kama kubeba matofali: unaweza kubeba kumi kwa safari moja, ao mawili mawili kwa safari tano. Matofali hayapunguki.

Hata leo mambo hayajaachana na yale ya zamani. Mwaka 2020, siku ya mbele ya mwisho ya Tour, wakimbiaji walishindana mumoja mumoja mpaka juu ya La Planche des Belles Filles, palepale Vosges. Tadej Pogačar alipofika chini ya mulima, alisimama akaacha kinga ya tambarare, akachukua nyepesi ya kupanda. Siku ile alimunyanganya Primož Roglič nafasi ya kwanza, na kesho yake akashinda Tour.

3. Mulima unarudisha yote

Sasa tufike ku neno lenyewe. Wanafunzi wa sayansi wanajua kwamba kazi ya kuinua kitu ni uzito mara urefu. Mutu pamoja na kinga wakiwa kilo 75, uzito wao ni karibu newton 750. Mara meta 600, tunapata joule 450,000. Ukiweka gunia la makala la kilo 50, unafika joule 750,000. Hakuna vitesi itakayopunguza hesabu hiyo.

Wengi wetu tunafikiri kwamba tukifika juu, ile kazi imekwisha. Hapana. Mulima umeiweka kama deni, na ku mutelemko unairudisha yote. Ulitoa kwa saa nzima. Yenyewe inakurudishia kwa dakika kumi. Sehemu inakuwa mbio, sehemu inachukuliwa na upepo, na inayobaki inapashwa kuwa moto ndani ya freni. Kama ungeshuka polepole sana, karibu joule zote zingeingia mule. Litre moja ya maji baridi inaomba joule karibu 336,000 ili ichemke. Basi moto wa mutelemko mumoja wa meta 600 ungepika chai ya watu wane! Sasa mutu aniambie namna gani kandambili itaubeba.

Tena mbio ina hesabu yake mbaya. Mbio ikizidi mara mbili, urefu wa kusimama unazidi mara ine. Freni inayosimamisha kinga katika meta 5 ukienda kilometa 18 kwa saa, itaomba meta 20 ukienda 36, na meta 45 ukienda 54. Hiyo ni ku tambarare, ku njia kavu. Ku mutelemko inaomba zaidi. Toka kona ya mikaratusi mpaka ku mulango wa shule tulipima kwa hatua: ni karibu meta 40. Mwenzetu aliona mama pale ku kona. Hata angekuwa na freni nzuri, kwa mbio ile labda angemugonga.

Na mvua je? Gurudumu zetu ni za chuma chenye kungaa, na maji yakiingia kati ya chuma na mupira wa freni, freni inateleza. Kwa hiyo wakati wa mvua, fungeni freni kidogo kidogo mapema, ili mupira upanguse maji kwanza, kisha ndipo mukaze.

4. Mambo tunayoomba

Tangu siku ya kwanza ya juma linalokuja, wakubwa wa wanafunzi watasimama juu ya mutelemko asubuhi na saa ya kutoka.

Kwanza, kila kinga iwe na freni mbili zinazofanya kazi. Wengine wanaondoa freni ya mbele kwa kuogopa kupinduka. Ni kosa. Wakati wa kusimama, uzito unakimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linashika njia. Kazeni zote mbili pamoja, polepole, na mujisukume nyuma ku kiti.

Pili, hakuna kubeba mutu nyuma wakati wa kushuka.

Tatu, punguzeni mbio mbele ya kona, si ndani ya kona.

Ine, asiyekuwa na freni ashuke kwa miguu na kusukuma kinga yake. Si haya. Wakimbiaji wengi wa zamani nao walikuwa wanashuka ku kinga kwa kugeuza gurudumu.

Mutu asiseme kwamba tunahukumu wadogo. Sisi wenyewe, tulipokuwa darasa la tatu, tulikuwa tunashindana ku mutelemko ule, na mwaka huu mumoja wetu sisi wakubwa alishuka pale na rafiki yake nyuma. Amekubali kuandikwa hapa. Kama yeye hakuanguka, si kwa akili. Ni kwa sababu siku ile hapakuwa mama ku kona.

Tulichanga pesa na kulipa ndizi. Tulipompelekea, mama alipokea, akashukuru, akatuuliza kuhusu mukono wa mutoto. Tukasema unapona. Kisha akauliza: «Na kinga yake, mumeitia freni?»

Tulikaa kimya, kwa sababu ilikuwa bado. Sasa imetiwa, mbele na nyuma. Zimebaki zingine kumi na moja, na trimestre inaisha kisha majuma matano.

Kwa jina la wakubwa wa wanafunzi,
Doyen, darasa la mwisho